Tumbo Lililokuwa Kimya

Niliambiwa kwamba nina mimba nikiwa kwenye foleni ya uji, bakuli mkononi. Msichana aliyesimama nyuma yangu alininong'oneza bila ubaya wowote, kama mtu anavyomwambia mwenzake kwamba gauni lake limechanika mgongoni.

"Wanasema una mimba," alisema. "Vuta sweta lako chini."

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa nikisoma shule ya kati ya wasichana, shule ya misheni upande wa Njombe, wakati wa Mwingereza. Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa usharika mdogo wa Kilutheri karibu na Makambako, na mimi nilikuwa mtoto wake wa kwanza. Sikuwa nimemjua mwanamume. Niliona kichekesho, nikacheka, nikachukua uji wangu. Nilipokaa kwenye benchi nilipitisha mkono chini ya sweta, nikagundua kwamba wasichana walikuwa wameona kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa sijakitazama. Chini ya kitovu palikuwa pameinuka. Pagumu, pa mviringo, na pa baridi kidogo, ingawa huenda ni mkono wangu uliokuwa wa baridi. Asubuhi za kule ukungu huingia hadi bwaloni.

Lazima niseme habari ya maumivu, kwa sababu ndiyo yaliyotangulia. Yalikuwa yameanza zaidi ya mwaka kabla ya siku hiyo. Yalikuja chini ya tumbo na kiunoni, yakakaa siku chache, kisha yakaondoka na kuniacha mzima kabisa. Baada ya muda nilianza kuyatazamia. Mwezi ukianza kunenepa juu ya miti ya miwati, nilijua yako njiani. Sikumwambia mtu, kwa sababu wasichana wenzangu nao walikuwa na siku zao za kujikunja kitandani, na baada ya hapo waliamka wakaenda kufua vitambaa vyao nyuma ya bafu. Mimi nilijikunja kama wao, ila sikuwa na cha kufua. Nilifikiri maumivu hutangulia na damu hufuata, na kwamba yangu iko nyuma kidogo.

Hakuna aliyejua kwamba sijavunja ungo. Mama alidhani jambo hilo limenipata nikiwa shuleni. Shuleni walidhani limenipata nyumbani wakati wa likizo. Kwetu mama hamwulizi binti yake mambo hayo. Hiyo ni kazi ya shangazi, na shangazi yangu alikuwa akikaa mbali.

Matroni aliniita siku ile ile. Alikuwa mama wa makamo, mkali lakini si mbaya. Aliniuliza mara ya mwisho nimeona siku zangu lini.

"Sijaona," nilimjibu.

"Hujaona tangu lini?"

"Sijaona tu."

Alinikazia macho. Aliuliza tena, nami nikajibu vile vile, kwa kuwa sikuwa na jibu jingine. Yeye alisikia msichana ambaye siku zake zimekatika na hataki kusema zilikatika lini. Hakunipiga. Alisema tu kwamba kiburi hakitanisaidia, akaenda kwa mwalimu mkuu.

Wakati nangoja nje ya ofisi ndipo nilipokumbuka ile saa iliyopotea.

Jumamosi tulikuwa tunakwenda kuokota kuni kwenye shamba la miwati lililopakana na shule. Ni mahali nisipopapenda hadi leo. Miti imepandwa kwa mistari, na ukisimama katikati, kila upande unaotazama ni ule ule. Ndege hawakai humo. Miti iliyokwisha kukatwa ilichunwa maganda, na magogo yake yakaachwa yamelala chini, meupe na yenye unyevunyevu. Jumamosi moja, miezi kadhaa kabla ya mambo haya, maumivu yalinishika huko kwa nguvu kuliko siku zote. Nakumbuka nilishika mti. Nakumbuka nilikaa chini. Baada ya hapo nakumbuka sauti za wenzangu wakiniita kwa mbali, ukungu umejaa kati ya mistari, na mzigo wangu wa kuni uko kando yangu umeshafungwa. Mimi sikuwa nimeufunga. Fundo lilikuwa la namna nisiyoijua. Niliwauliza wenzangu njiani nani kanifungia kuni, kila mmoja akasema si yeye.

Siku ile sikulitilia maanani. Sasa, nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, nilianza kulifikiria, na tangu hapo sikuweza kuacha.

Mwalimu mkuu alikuwa Mzungu, mwanamke mpole. Alisema atanipeleka nyumbani kwanza, na mambo ya shule yatazungumzwa baadaye. Nilipakiwa kwenye lori lililobeba magunia ya magome ya miwati, nikakaa juu ya magunia na sanduku langu, nikishika kamba. Harufu ya magome yale ni chungu na inakaa kooni. Barabara ilikuwa ya udongo na ilikuwa imenyesha, kwa hiyo tulisota hadi jioni. Makambako wakati ule ilikuwa njia panda yenye maduka machache na upepo. Nilishuka, nikajitwika sanduku, nikaenda nyumbani kwa miguu.

Mama alikuwa kwenye maharage nyuma ya nyumba. Alinitazama tumbo, kisha akanitazama uso. Akanipokea sanduku.

"Ingia ndani," alisema. "Kuna baridi."

Baba aliniuliza mara moja tu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kofia iko gotini. Aliuliza ni nani. Nilimwambia hakuna mtu. Alingoja kidogo, labda akitumaini kwamba nitaongeza neno, halafu akainuka akatoka. Wazee wa usharika walikaa naye, na Jumapili yeye mwenyewe alisimama mbele akatangaza kwamba binti wa nyumba yake ametengwa na Meza ya Bwana. Alisema kwa sauti ya kila siku. Nilikuwa nimepata kipaimara mwaka uliotangulia tu, na gauni jeupe la siku ile bado lilikuwa limekunjwa juu ya kabati. Nilikaa benchi la nyuma, na wanawake waliokaa karibu yangu walisogea ili watoto wao wachanga wasiniguse.

Kisha shangazi akaja. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopepesa. Alikaa na mimi jikoni siku nzima akiniuliza maswali, na nilipomwambia kwamba sijawahi kukaribiwa na mwanamume, alitikisa kichwa polepole.

"Nakuamini," alisema.

Baba hakuniamini, na jambo hilo liliniumiza. Shangazi aliniamini, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Maana kama hakuna mtu, basi ni nini?

Aliniuliza ninaota nini. Aliuliza kama nimewahi kuamka na udongo miguuni. Aliuliza kama nimewahi kulala mahali nisipopajua, nami nikamsimulia habari ya miwati. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye fundo aliomba nimwonyeshe lilikuwaje. Nilijaribu kwa ugwe wa jikoni, vidole vikashindwa. Aliuchukua ule ugwe mkononi mwangu taratibu, akautupa motoni.

Ndipo akanisimulia habari ya mwanamke mmoja aliyemjua utotoni, huko milimani upande wa Makete. Mwanamke yule tumbo lake lilikua kama la mja mzito, lakini miezi ilipita na hakuzaa. Mwaka ukapita, mwingine ukapita. Alilima na tumbo lake, alicheka na tumbo lake, akazeeka nalo. Alipokufa walimzika nalo.

"Na watu hawakujua," shangazi alisema, "kama wamezika mmoja au wawili."

Nadhani alinisimulia ili nisijione niko peke yangu. Tangu siku hiyo nilianza kusikia kitu kikicheza. Nilikuwa nikipukuchua mahindi uani, jua liko juu, kuku wananizunguka, na ndani yangu kitu kikajigeuza kama mtu anayehama ubavu. Niliweka mkono, kikatulia. Niliondoa mkono, kikarudi. Sikumwambia mama. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba katika ile saa ya miwati kulitokea jambo, kwamba yupo aliyekuwa pale nami, na kwamba mwili wangu unalijua jambo hilo na unanificha. Nilijaribu kulikumbuka. Nililala chali kwenye nyasi mchana, nikafumba macho, nikajirudisha kwenye ile mistari ya miti, na kila nilipofika mahali pa kukaa chini, giza liliingia. Usipokumbuka kitu, unaweza kukijaza unavyotaka. Mimi nilikijaza vibaya.

Tumbo liliendelea kukua, na maumivu nayo yakaacha kwenda zake. Zamani yalikuja na kuondoka; sasa yalikuwa yakipungua tu, kisha yanarudi na kuongezeka juu ya yale ya zamani.

Shangazi na mama walikubaliana wanipeleke kwa mkunga bila kumwambia baba. Mkunga huyu alikuwa bibi aliyekaa Makambako, nyuma ya duka la Mhindi, na wanawake wa pande zetu walikuwa wakimwamini kuliko mtu yeyote. Inasemekana alikuwa amewapokea watoto wa watoto aliowapokea. Alinilaza kwenye mkeka, akafunua tumbo, akalipapasa kwa viganja vyote viwili. Halafu akapiga magoti na kulaza sikio lake juu yangu.

Alisikiliza kwa muda mrefu. Alihamisha sikio kushoto, akahamisha kulia, akashuka chini, akarudi juu. Aliinua mkono ili mama na shangazi wasipumue kwa nguvu. Niliona nywele zake nyeupe na sikio lake la pili lililobaki juu, na nikaona uso wake ukibadilika. Nje upepo ulikuwa ukitikisa bati la duka.

Aliinuka akakaa.

"Humu hamna moyo," alisema. "Kwa ukubwa huu ningekuwa nimeshamsikia. Nimesikiliza kote, ni kimya."

Mama aliuliza kama mtoto amekufa.

"Sijasema mtoto," bibi yule alijibu. "Kuna kitu, na kimejaa. Lakini sijui ni kitu gani, na mimi sitakigusa tena."

Aliomba maji na majivu, akanawa mikono hadi viwikoni, akatuambia twende.

Njiani kurudi nilitaka kujisaidia haja ndogo. Niliingia kichakani, nikachuchumaa, haikutoka. Nilijaribu tena nyumbani, na tena jioni. Kesho yake asubuhi nilikuwa nimevimba na tumbo limekaza kama ngoma, siwezi kusimama wima, siwezi kulala. Baba alianza kuomba kando ya kitanda. Mama alimsikiliza hadi akafika mwisho wa sala yake, maana alikuwa mwanamke wa heshima, halafu akasema maneno ambayo sikuwahi kumsikia akimwambia mumewe.

"Kama ni dhambi," alisema, "ataifia hospitali. Hataifia kwenye sakafu yangu."

Baba alitoka mbio. Alipata lori la mbao lililokuwa likipita kwenda Njombe. Mama alibaki na wadogo zangu. Baba alikaa mbele na dereva, na shangazi alinikumbatia nyuma kati ya mbao, akiniziba upepo kwa shuka lake. Kila gurudumu lilipoingia shimoni nilimng'ata bega. Tulipopita kwenye miwati alinifunika uso.

Hospitali walinitoa mkojo kwanza, kwa mpira mwembamba. Nilitokwa na machozi kwa nafuu niliyoipata. Nesi aliyefanya kazi hiyo alikuwa Mbena wa huko huko Njombe, na alinisemesha kwa Kibena chetu muda wote, akaniambia nisiogope, daktari anakuja.

Daktari alikuwa Mzungu, mwanamke mzee mwenye miwani na mikono mikavu. Kiswahili chake alikuwa amekisoma kitabuni; alitamka kila neno likiwa limesimama peke yake, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda. Aliniuliza lile swali ambalo kila mtu alikuwa ameniuliza: mara ya mwisho umeona siku zako lini?

"Sijaona," nilijibu.

Nilingoja aulize tangu lini. Hakuuliza. Alilirudia neno langu kwa midomo, akiligawa, kama mwanafunzi.

"Si-ja-ona," alisema. "Bado? Maana yake, bado?"

"Ndiyo."

"Hata mara moja? Tangu uzaliwe?"

"Hata mara moja," nilisema.

Shangazi, aliyekuwa amesimama kichwani pangu, alivuta pumzi. Kote tulikopita hakuna aliyeniuliza vile. Walikuwa wakitafuta siku iliyokatika, na mimi nilikuwa sina ya kukatika.

Baada ya hapo maswali ya daktari yalikuja haraka, na nesi akamsaidia pale Kiswahili kilipomkatikia. Aliuliza kama ninakula vizuri na kama nimekonda, kwa sababu alisema msichana mwenye njaa au mwenye hofu kubwa huweza kuchelewa au kukatikiwa. Aliuliza kama nimewahi kuugua ugonjwa wa muda mrefu. Aliuliza mama yangu alianza akiwa mkubwa kiasi gani, maana kuna ukoo wa kuchelewa. Shangazi akasema mama hakuchelewa. Aliuliza maumivu yanakuja vipi, nami nikamwambia habari ya mwezi. Aliponisikia hivyo aliweka kalamu chini. Akaomba ruhusa kwa shangazi anitazame, akanitazama kwa muda mfupi sana, nesi akiwa ameshika taa na shangazi ameshika kichwa changu. Alimwambia nesi neno kwa Kiingereza. Nesi alifumba macho kidogo, akatabasamu.

"Hakuna mtoto," daktari alisema. "Hakuna mwanamume. Ni damu."

Alitueleza. Alisema kila msichana huzaliwa na ngozi nyembamba kwenye mlango wa uzazi, na ngozi hiyo huwa na tundu ambapo damu ya mwezi hupita. Kwa wachache sana ngozi huzaliwa haina tundu. Damu yangu ilikuwa imeanza wakati wake kama ya wengine, ikashuka kila mwezi, ikakuta hakuna pa kutokea, ikakaa. Miezi yote ile ilikuwa imekaa humo, moja juu ya nyingine, hadi ikasukuma kibofu na kukifinya.

"Mlango umefungwa," alimalizia.

"Nani kaufunga?" shangazi aliuliza.

Daktari alimtazama bila kuelewa. Alisema hakuna aliyeufunga.

"Umesema umefungwa. Kitu hakifungwi bila mfungaji."

Nilihisi mikono yake ikikaza pande mbili za kichwa changu, nikajua anafikiria lile fundo, kwa sababu mimi pia nilikuwa nikilifikiria. Nesi aliingilia kati, akamweleza kwa Kibena. Alimwambia kwamba daktari amekosea neno, kwamba mlango haukufungwa na mtu, haukufunguka tu, kama jicho la mtoto wa paka. Shangazi aliomba arudie. Aliporudia, mikono ya shangazi ililegea.

Walinipeleka chumba cha upasuaji siku ile ile. Nakumbuka kitambaa kikishushwa puani, harufu yake tamu na ya kutisha, na taa moja ikirudi nyuma kama inayoondoka na gari. Nilipozinduka kinywa kilikuwa kikavu na mwili ulikuwa mwepesi kiasi kwamba nilishika kitanda nisije nikainuka. Niliweka mkono tumboni. Palikuwa bapa.

Yaliyotokea kati ya hapo nilisimuliwa na shangazi. Daktari alikata mkato mdogo tu, usiozidi upana wa ukucha, na damu ikaja. Shangazi aliiona ndooni. Alisema haikuwa na rangi ya damu. Ilikuwa nyeusi, nzito, ya kuvutika, kama asali iliyoungua, na haikuwa na harufu ya kuoza. Alisema ilikuwa imetulia ndani ya ndoo, na yeye alikaa akiitazama kama anayengoja ifanye jambo. Aliuliza itapelekwa wapi. Aliambiwa itafukiwa shimoni. Alisema atakwenda kuona inafukiwa, na hakuna aliyeweza kumzuia.

Basi mtumishi wa hospitali alibeba ndoo, shangazi akafuata, na kwa kuwa njia ya kwenda shimoni ilipita mbele ya wagonjwa wa nje, watu waliokaa kwenye benchi waliiona. Kifuniko kilikuwa kimekaa vibaya. Siku hizo watu walikuwa wakisimuliana habari za mumiani, watu wanaonyonya wenzao damu na kuiuza kwa Wazungu, na yeyote aliyevaa nguo nyeupe alishukiwa. Walitazama ile ndoo ikipita, wakamtazama mama wa Kibena aliyevaa nyeusi akiifuata kama anayefuata jeneza, na mmoja baada ya mwingine wakainuka wakaondoka. Nesi aliniambia kwamba kwa siku kadhaa benchi lile lilikuwa tupu asubuhi.

Baba aliingia wodini baada ya kuzungumza na daktari. Alikaa kwenye kiti, kofia gotini, kama alivyokaa siku ile ya kwanza. Alikuwa amenunua chungwa. Alilimenya lote, akalitenganisha vipande, akaviweka kwenye kitambaa chake juu ya kifua changu.

"Sikukuuliza vizuri," alisema.

Nilikula kipande kimoja, nikampa kimoja, naye akakila.

Nilimwuliza daktari jambo moja kabla ya kuondoka. Nilimwuliza kama kile kilichokuwa kikicheza kilikuwa damu. Alisema damu haichezi. Yalikuwa matumbo yangu, yaliyosongwa na kukosa nafasi, na mtu akiogopa husikia zaidi. Nilimwuliza pia habari ya miwati. Alisema maumivu makali humzimisha mtu, na kwamba nilizimia. Nilimwamini, na bado namwamini.

Jumapili tuliyorudi baba alisimama mbele ya usharika. Kwa mwinjilisti wa wakati ule, kutaja mbele za watu yaliyonipata lilikuwa jambo lisilowezekana, na hakuyataja. Alisema tu, "Binti yangu alikuwa mgonjwa. Tulisema jingine, tukakosea. Amepona." Akashuka, akanishika mkono benchi la nyuma, akanikalisha mbele na mama yangu.

Lakini watu walikuwa wameona tumbo likienda Njombe, na wameona likirudi halipo. Juma lile lile jirani mmoja alileta uji wa ulezi kwenye kibuyu, uji ule ambao mtu hupelekewa akijifungua. Aliuweka mlangoni, akamwambia mama pole bila kueleza pole ya nini. Mama aliupokea. Alisubiri hadi jirani ameondoka, akatugawia sote, tukaunywa, baba naye akanywa.

Mwezi uliofuata nilikuwa kwenye maharage na mama nilipohisi unyevu. Maumivu yalikuwapo lakini madogo, ya kawaida. Nilikwenda kando nikaangalia, nikarudi nikamwambia mama kwamba nimeona. Yeye ambaye kwa desturi hakupaswa kuzungumza nami mambo hayo alikaa chini juu ya tuta, akavunja maharage machanga bila kujua, akaniuliza ni ya rangi gani. Nilimwambia ni nyekundu. Aliniambia nimwambie tena.

Daktari alipeleka habari shuleni, na mwalimu mkuu akanipokea. Matroni aliniomba radhi kwa namna yake, kwa kunipa blanketi la pili. Kitanda kilichokuwa kando ya changu kilibaki wazi hadi nilipomaliza, kwa sababu hakuna msichana aliyetaka kukilalia. Hawakunichukia. Walinisalimu, walinigawia karanga, na mchana tulicheka pamoja.

Niliolewa, na nikazaa bila shida yoyote. Mwingereza alikuwa bado hajaondoka nilipokwenda na mtoto wangu mchanga sokoni Makambako, nimembeba mgongoni, na mwanamke mmoja mzee ninayemfahamu tangu utotoni akanisimamisha. Alifunua uso wa mtoto, akamsifu, akasema anafanana na babu yake. Kisha akaniuliza kwa upole mkubwa, "Huyu ni wa pili. Wa kwanza yuko wapi?"

Nilimwambia hakuna wa kwanza. Alitikisa kichwa kama anayeelewa kwamba mtu ana sababu zake.

"Angekuwa mkubwa sasa," alisema, akaenda zake kununua chumvi.

Nimewasimulia binti zangu jambo hili lote, kwa maneno yake yenyewe, kila mmoja alipofika umri. Niliwauliza waziwazi kama wameanza au bado, wakaona aibu, nami sikujali. Hawana hofu yoyote nalo. Sijawaambia tu kwamba ziko siku ambapo mtu ananiuliza nina watoto wangapi na mimi nasita kidogo kabla ya kujibu, na kwamba bila kutaka huwa najua yule wa miwati angekuwa na umri gani.